Mtembezi Hakuingia

Kazi ya Luciana ilikuwa kunyamaza, na hakuna aliyemwelewa alipoieleza. Mama yake aliwaambia majirani wa Katindiuka kwamba binti yake anafundisha watu kompyuta, jambo ambalo lilikuwa kinyume kabisa cha ukweli. Luciana hakumfundisha mtu. Alimkaribisha mtu ofisini, akamkalisha mbele ya kompyuta, akampa soda, akamwambia, "Mama, tuseme unataka kujua kama barabara ya kwenu inapitika wiki hii. Tafuta humo." Kisha alivuta kiti nyuma kidogo, akafunga mdomo, akatazama mkono wa mwenzake unavyohangaika.

"Nibonyeze hapa, dada?"

"Fanya kama vile mimi sipo."

Lakini mtu atafanyaje kama vile Luciana hayupo, naye yupo, tena amekaa karibu kiasi cha kusikika pumzi? Watu wa bonde hili hawakulelewa hivyo. Mtu akipotea njia mbele yako, unamwonyesha. Ukimwacha azunguke huku unamtazama, basi una roho mbaya au una lako jambo. Luciana naye alilelewa hivyohivyo, ndiyo maana kila jioni alirudi nyumbani mabega yakimuuma kwa kujizuia. Wengine walimjia wamevaa nguo za kanisani wakiamini ni mtihani, na wakimaliza waliuliza kwa sauti ndogo, "Nimefeli?" Aliwajibu kwamba anayefanyiwa mtihani ni tovuti, wao ndio wasahihishaji. Walicheka kwa heshima, wasimwamini hata kidogo.

Tovuti yenyewe ilikuwa ya asasi moja ndogo ya mjini Ifakara iliyojipa kazi ya kuwapasha watu habari za maji. Kila kijiji na kila kitongoji cha bondeni kilikuwa na ukurasa wake: mto umefika wapi, njia inapitika au haipitiki, na maji yakija watu wakimbilie wapi. Kwenye ukurasa wa mwanzo yalikuwepo majina ya mahali tu. Unabonyeza la kwenu, unaingia. Rahisi. Mtu wa ofisini akikwambia kitu ni rahisi, ujue bado hajampa mtu mwingine akitumie.

Miongoni mwa majina hayo lilikuwemo moja la ng'ambo ya mto, kupita Lupiro, huko ambako nyasi zinampita mtu kimo. Jina hilo halitaandikwa hapa. Msomaji na avumilie. Sababu ataiona, na akishaiona hataomba litajwe.

Luciana ndiye aliyegundua kwanza. Mshale ulikuwa ukishuka jina kwa jina, ukifika karibu na lile unapinda. Ulipinda hata pale swali lenyewe lilipohusu watu wa huko. Mtu alizunguka kurasa za majirani, akarudi mwanzo, akashuka tena, akapinda tena palepale. Na wengi wao, wazee kwa vijana, walikuwa na tendo moja: waliondoa mkono kwenye kipanya, wakaufuta kwenye kanga au kwenye suruali, ndipo wakaendelea. Alipowauliza baadaye mbona hawakuingia pale, walimtazama kama mtu aliyetamka neno chafu mbele ya wakwe. "Sikupaona," walisema. Maandishi yalikuwa makubwa, katikati ya kioo.

Ni mmoja tu aliyeingia bila kusita. Huyo alikuwa Mbuke, mwanamke wa Kisukuma aliyekuja mjini siku za soko kwa pikipiki kuuza maziwa na mtindi, na aliyekuwa kipenzi cha mama yake Luciana kwa sababu ya mtoto wake mgongoni asiyejua kulia. Mbuke alibonyeza jina lile, akacheka. "Si ndiyo kwetu?" Yeye na mumewe Mashimba walihamia huko na ng'ombe miaka michache iliyopita, wakakuta mbuga tupu, malisho mazuri, wala hapana wa kugombana naye. Waliishangaa bahati yao. Hakuna aliyewaambia kwa nini mahali pazuri namna ile palikuwa patupu, na jina walilipata kwenye ramani.

Luciana alikuwa ameanza maisha kwenye stesheneri jirani na stendi, baada ya kidato cha nne. Alitoa fotokopi, akachapa barua za watu, akawasaidia vijana kuomba vyuo kwenye mitandao ya maombi. Huko ndiko alikoona kwamba watu hawasomi kurasa. Wananusa. Macho yanapita juu ya maneno, yakikuta neno linalofanana na haja ya moyo, mkono unaenda. Neno likiwa halina harufu ya kile wanachokitafuta, wanalipita hata kama ndio mlango wenyewe. Aliyasema hayo siku ya usaili, bila kujua kwamba kuna watu duniani wanaoyasomea, na akaajiriwa.

Mwenzake ofisini, Beatus, kijana wa Mang'ula mwenye maneno mengi na miwani iliyofungwa waya, ndiye aliyeigeuza harufu hiyo kuwa mashine. Watu halisi wanachoka, alisema. Ukiwapima sana wanataka kwenda kupika. Akatengeneza programu aliyoiita Mtembezi. Unampa Mtembezi haja yake kwa maneno, kama unavyompa mtu. Anatazama kila kiungo kwenye ukurasa, anapima maana yake iko karibu kiasi gani na haja ile, anafuata kinachonukia zaidi. Harufu ikififia, anarudi nyuma. Anatembea hivyo mara elfu kabla chai haijapoa, na pale anapopotea Mtembezi, hapo ndipo watu watakapopotea.

Maana za maneno hakuzitoa kwenye kamusi. Alizitoa midomoni mwa watu. Miezi mingi Luciana alizunguka na kinasa sauti, Mkula kando ya barabara, Lupiro, kwenye mashine za mpunga za Ifakara, akiwarekodi watu wakizungumzia mvua, mto, mifugo na njia. Kisha alikaa akayaandika yote kwenye kompyuta. Mtembezi aliyasoma, akajifunza neno gani hukaa na neno gani katika bonde hili. "Huyu ni Mkilombero kabisa," Beatus alijisifu. "Bado kitambulisho tu."

Mchana mmoja, jua likiwa kali na feni ikizungusha joto lilelile, Beatus alimwita.

"Sista, njoo uone. Huyu jamaa anazingua."

Alikuwa amempa Mtembezi haja moja: jua kama maji yatawafikia wafugaji wa kupita Lupiro, kwenye nyasi ndefu. Ni haja iliyobakiza kidogo tu kutaja jina. Kwenye kioo kulichorwa mistari ya safari zake zote, safari juu ya safari, hadi mistari ikawa nene. Ilishuka kwenye majina, ikasogea, ikapinda. Ilizunguka, ikarudi mwanzo, ikaja tena, ikazunguka. Katikati palibaki nafasi nyeupe ya mviringo, kama nyasi zinavyobaki wima mahali ambapo kijiji kizima kinakwepa kupakanyaga. Katika safari zote zile, hata moja haikuingia.

"Anaogopa," Beatus alisema, akacheka. Kisha alitazama tena kioo, na kicheko kikamwisha.

Luciana alisogea karibu na kioo. Watu waliopinda aliwazoea. Lakini hiki hakikuwa na mkono wa kufuta kwenye kanga.

Beatus alitafuta kosa siku nzima, akalipata, na lilikuwa la Luciana. Katika maandishi yale yote, kila mtu aliponyamaza, Luciana aliandika neno moja kwenye mabano kama alivyoelekezwa: kimya. Mtembezi alilisoma kama maneno mengine. Na katika mazungumzo ya bonde zima, watu walipofikia ng'ambo, kupita Lupiro, nyasi ndefu, jina halikutajwa hata mara moja. Palikuwa na kimya, na baada ya kimya walianzisha habari nyingine. Mtembezi alijifunza adabu hiyo. Alifika kwenye kimya, akageuka.

"Basi tumemfundisha wenyewe," Beatus alisema, akashusha pumzi. Mtu akipata sababu hulala.

Luciana hakulala vizuri, kwa kuwa alirudi kuzisikiliza sauti zenyewe. Alivaa visikilizio mchana peupe, dirisha wazi, bodaboda zikipita nje. Mzee mmoja alizungumza kwenye mashine ya kukoboa mpunga, akipaza sauti ili asikike juu ya muungurumo. Akafika pale, akanyamaza. Na mashine nayo ikanyamaza. Mzee alipoanza habari nyingine, mashine ikaendelea. Alisikiliza nyingine, ya mama wa Mkula na kuku wake, kuku nao wakanyamaza. Alisikiliza hadi akaogopa kuendelea. Mtu ananyamaza kwa adabu au kwa hofu, hilo linaeleweka. Mashine ya mpunga ina adabu gani? Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na Luciana alivua visikilizio kabla mshindo wenyewe haujamfikia.

Masika yalikuwa yamekaribia. Ijumaa alivuka daraja kwenda Lupiro.

Kila eneo lilikuwa na mpasha habari wake, mtu wa kujitolea mwenye simu ya kufungulia tovuti. Onyo likitoka, yeye ndiye anayewapigia wasio na simu kama yake, au anamtuma mtu wa pikipiki. Wa upande ule alikuwa Alfonsi, fundi baiskeli na pikipiki, Mpogoro wa makamo, mwimbaji wa kwaya, mtu ambaye hajawahi kuchelewa kwenye jambo. Alimkuta ameigeuza baiskeli miguu juu, anazungusha gurudumu.

"Shikamoo, baba Alfonsi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunipima tena?"

Alimwomba tu amwonyeshe anavyosoma maonyo. Alfonsi alitoa simu, akafungua kijiji kimoja, kingine, kingine, akieleza kila kimoja humpigia nani. Alipofika pale, kidole gumba kilipita juu kwa juu. Akakifuta kwenye ovaroli.

"Na hapo, baba?"

"Hapo hapana watu."

"Wapo. Yupo Mashimba na mke wake na watoto."

"Nawajua. Juzi nimemzibia pancha."

"Sasa maji yakija, nani atawaambia?"

Alfonsi alilishika gurudumu, likasimama. Luciana alikitambua kimya kile. Alikuwa amekiandika mara nyingi mno. Mtu aliyekuwa akigonga bati duka la pili aliacha kugonga. Hata upepo kwenye migomba ulitulia, na jua likaonekana jeupe kupita kiasi.

"Kule tulikuwa na watu," Alfonsi alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Maji yalikuja mchana, mwanangu. Jua hili hili. Mvua ilinyesha huko juu milimani, sisi hapa wingu hatukuliona. Waliowahi pa juu wakasimama wakaita jina la kijiji, waite, waite, ili walioko kwenye maji wajue nchi kavu iko wapi. Na wale wakawa wanaitika wanakuja. Wengi walifika. Wengine waliitika tu."

Aliminya tairi kwa kidole.

"Na hawajaacha kuitika. Shida ndiyo hiyo. Ukilitaja, wanadhani ndiyo unawaonyesha njia. Lisemwalo lipo."

"Wewe umewahi kuwasikia?"

"Mimi fundi. Nasikia minyororo." Alilizungusha gurudumu tena, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Muulize mama yako. Aliyekuwa akiita ni yeye."

Luciana alirudi Ifakara akiwa nyuma ya pikipiki, na darajani alimwomba dereva apunguze mwendo. Mto ulikuwa umevimba, wa rangi ya udongo, hauna sauti. Alikuwa na hofu, na hofu yake haikuwa ya wafu. Aliogopa ule ukurasa. Onyo litawekwa kwa uaminifu mahali pasipofunguliwa na mtu, na ofisi itaandika kwamba watu walionywa, na chini ya maji watakuwa wamelala watoto wa Mbuke. Jumatatu angewaambia wakubwa. Jumatatu ilionekana iko mbali sana.

Kuhusu kule walikotoka, mama yake Kandida alikuwa amemwambia sentensi moja tu tangu utoto: tulitoka kule, baba yako na kaka yako walitangulia. Luciana alikua akidhani ni homa, au ajali. Mama hakuwahi kwenda mtoni kwa hiari, hata kuangalia, na walipokuwa wakivuka kwa pantoni zamani kwenda kwenye misiba Mahenge, alijifunika kanga usoni hadi ng'ambo.

Jumapili baada ya misa, Kandida alikuwa barazani anachambua mchele kwenye ungo. Jua lilikuwa la kutosha kuanika mpunga. Luciana alileta kompyuta ya ofisi, akaiweka juu ya kigoda mbele yake.

"Mama, naomba nikupime."

"Mimi? Mimi na hayo madude wapi na wapi."

"Swali moja tu. Tuseme unataka kujua kama maji yatamfikia Mbuke."

Uso wa mama ulilainika. "Mbuke wangu wa maziwa? Kwani anakaa wapi?"

Luciana hakujibu. Safari hii kunyamaza kulimuuma kuliko siku zote, kwa kuwa alijua anampeleka mama yake mahali gani. Aligeuza tu kioo kidogo kisipigwe na jua. Kandida alisoma majina polepole, akisogeza midomo, kidole kikishuka. Kilifika, kikasimama. Aliutazama uso wa bintiye, akarudisha macho kwenye jina, na Luciana akaona jinsi alivyoelewa.

"Na yule mtoto wake wa mgongoni? Analala huko?"

"Na wakubwa zake, mama."

Kandida alifuta mkono kwenye kanga. Akaufuta tena. Kisha akabonyeza.

Ukurasa ulifunguka mwekundu wote. Onyo lilikuwa limewekwa asubuhi ile, wakati wao wanaimba kanisani: maji yanashuka kutoka juu, hameni sasa. Hesabu ya pembeni ilionyesha kurasa za vijiji vya jirani zimefunguliwa na watu wengi. Huu haukuwa umefunguliwa na mtu mwingine yeyote.

Luciana alipiga namba ya Mbuke, simu ikiwa sauti kubwa. Aliyepokea ni Mashimba.

"Kaka Mashimba, hameni sasa hivi. Maji yanakuja."

Mashimba alicheka kwa upole, kama mtu anayecheka na shemeji. "Maji gani, dada? Huku jua linawaka."

Kandida alimnyang'anya bintiye simu. "Mashimba. Siku ile nayo jua lilikuwa linawaka."

Mashimba hakubishana tena. Labda ilikuwa sauti yenyewe. "Nimekuelewa, mayu," alisema, kwa neno la kwao la kumwita mama, na wakamsikia akimpigia kelele Mbuke abebe mtoto akimbilie kwenye tuta la barabara. Kisha alirudi kwenye simu akihema. Maji yalikuwa yameshaingia kwenye mbuga, yamemfika vifundoni, yanapita chini ya nyasi bila sauti. Na mwanawe mkubwa, Seni, na wadogo zake walikuwa wametoka na ng'ombe tangu alfajiri, wako ndani ya majani marefu, hajui upande upi. "Nawaita, mayu. Namwita Seni, namwita Obed. Wanajibu halafu wanapotea."

"Acha kuwaita majina," Kandida alisema. Alikuwa amesimama, mchele umemwagika barazani, hakuutazama. "Ukimwita mtu jina lake, anasimama akuitikie. Taja nyumbani, atatembea. Panda kichuguu kile kikubwa. Kipo bado?"

"Kipo."

"Panda. Weka simu sauti kubwa, uinyanyue. Tuite wote."

Kisha mama yake Luciana akalitaja jina lile. Hakulitamka kama jina la kwenye ramani. Alilivuta, refu, likipanda mwishoni, mara moja, pumzi, mara nyingine, kwa sauti ambayo Luciana hakujua kama imo ndani ya kifua kile chembamba. Majirani walitoka milangoni. Mzee wa nyumba ya tatu alivua kofia, akarudi ndani akafunga mlango. Kwenye simu Mashimba aliita naye, akifuata mvuto uleule, na kati ya mwito na mwito ilisikika mbuga nzima imetulia.

Kisha vikaja vikengele vya ng'ombe. Sauti ya mtoto iliitika mbali, ikaitika karibu, ikafuatiwa na nyingine. "Seni huyo!" Mashimba alilia. "Obed huyo! Na mdogo wao, yuko juu ya ndama!" Luciana alikaa chini kwenye mchele, akalia naye, na hakuona aibu.

"Wote wamefika?" Kandida aliuliza.

"Wote, mayu. Wote wako hapa, nimewashika."

Ilipita kama pumzi moja. Kisha, ndani ya simu, mbali, kwenye majani, mtoto aliitika tena.

Walimsikia Mashimba akiwahesabu watoto upya. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Mayu. Watoto wangu wote ninao. Huyu anayeitika ni nani?"

Kandida alifumba macho. "Huyo si wa kwako," alisema. "Nenda na watoto kwenye tuta, usigeuke, usimjibu. Simu iache."

"Niiache?"

"Iache hapo juu ya kichuguu, ikiwa wazi. Huyo namwita mimi."

Walisikia simu ikiwekwa kwenye udongo. Walisikia miguu na kwato zikienda. Kandida aliita, na kwa kila mwito kitoto kiliitika, karibu zaidi kuliko mara iliyopita. Hakuwa na haraka tena. Aliita kama mama anayeita mtoto aje kula, naye akaitikiwa, hadi sauti ikawa chini ya kichuguu, hadi ikawa juu yake. Halafu pakawa na kupumua tu, kwa karibu sana, kama mtu aliyekimbia akaweka shavu kwenye simu. Luciana alikusikia kupumua huko kwa masikio yake. Atakayesema ni upepo na aseme. Simu ikakatika.

Kandida aliiweka kwenye kigoda, akapiga magoti, akaanza kukusanya mchele, punje na mchanga pamoja.

"Kaka yako alikuwa anaitwa Viktor," alisema. "Mimi nilikuwa juu ya kile kichuguu na wewe tumboni, nikamwita hadi sauti ikakauka. Ilikauka kabla hajafika. Alikuwa anaogopa majani marefu."

Mashimba na Mbuke na watoto wote walilala usiku ule kwenye tuta, na kesho yake wakahamia Lupiro. Ng'ombe kadhaa walikwenda na maji, na kile kichuguu kilifunikwa kabisa. Alfonsi aliwapa chumba nyuma ya karakana, hakuomba radhi kwa maneno, akawatengenezea baiskeli zao zote mbili zilizokuwa zimepinda.

Ofisini palikuwa na kikao kirefu, na kama ilivyo kawaida ya vikao, jawabu lilipatikana mtu mmoja alipochoka. Luciana alisema waondoe jina la ramani, waandike "Kwa Mashimba", kama watu wanavyosema wenyewe wakielekezana njia. Aliyajaribu maneno hayo kwa wazee na vijana, akakaa nyuma yao akinyamaza. Waliingia wote. Hakuna aliyefuta mkono, na Alfonsi alibonyeza kwa kidole chenye grisi hadi kioo kikachafuka.

Lakini kabla ya hayo, Jumatatu asubuhi, siku moja baada ya maji, wakati jina la zamani bado liko pale na hakuna aliyebadilisha chochote, Beatus alikuwa amemwita. Hakuwa na maneno mengi siku hiyo. Alikuwa amemwendesha Mtembezi na haja ileile, kwa maneno yaleyale. Kwenye kioo palikuwa na mstari mmoja mnyoofu, mnene, kutoka ukurasa wa mwanzo hadi ndani ya jina lile. Ule mviringo mweupe haukuwepo. Safari zote ziliingia, na hakuna iliyotoka. Mtembezi, ambaye kazi yake ni kutembea, alikuwa amesimama humo ndani.

"Sijamgusa, Luciana. Naapa. Na hataki kutoka," Beatus alisema, mkono ukiwa kwenye kipanya. "Nimtoe?"

Luciana aliikumbuka ile pumzi kwenye simu, akauondoa taratibu mkono wa Beatus kwenye kipanya.

"Mwache," alisema. "Amefika."